Bia za viwanda vidogo: uagize ipi ukiwa baa au mgahawani

Orodha ya bia ikiwa ndefu, wengi huchagua kwa jina, kwa picha ya kwenye lebo au kwa asilimia ya kilevi. Kinachoamua utamu wa glasi yako ni kingine: bia ina siku ngapi tangu itoke kiwandani, na nani ameitunza vipi hadi ikafika mezani. Viwanda vidogo vingi havichemshi bia yao kuua vijidudu baada ya kuijaza, na baadhi hawaichuji kabisa. Ladha hubaki imejaa, lakini bia hiyo huharibika upesi kuliko ile ya viwanda vikubwa. Kwa hiyo hapa tumepanga kwa namna bia inavyouzwa, tukianza na tunayoipendekeza zaidi.

1. Ya bomba, mahali ambapo mapipa yanaisha haraka

Hii ndiyo ya kwanza, kwa sharti hilo la haraka. Piga hesabu. Pipa la lita 50, ukitoa povu linalomwagika, linatoa glasi 90 na kitu za nusu lita. Baa ikiuza glasi 20 za bia hiyo kwa siku, pipa linaisha kabla ya wiki. Ikiuza glasi tatu, pipa hilohilo linakaa mwezi mzima. Ndiyo maana mabomba 30 kwenye baa yenye wateja wachache ni sababu ya kuwa na wasiwasi, na mabomba sita kwenye baa iliyojaa ni dalili njema. Pipa la bia isiyochemshwa, likikaa kwenye baridi muda wote, lina takriban siku 45 hadi 60 za kuwa zuri tangu lijazwe. Likishafunguliwa, tungependa liishe ndani ya wiki mbili au tatu. Kama kiwanda chenyewe kina baa yake, anzia hapo, kwa sababu bia haijapanda gari wala haijalala kwenye ghala la mtu.

Baada ya pipa, angalia mipira. Bia husafiri kutoka pipani hadi kwenye bomba kupitia mpira mwembamba, na ndani ya mpira huo hamira na bakteria hujenga utando. Mipira inatakiwa kuoshwa kila siku 14 kwa dawa ya alkali, kisha kusuuzwa kwa maji safi. Na kila miezi mitatu ipitishwe dawa ya asidi inayotoa ukoko wa madini unaoganda ndani. Baa inayopuuza kazi hii hujulikana kwenye ulimi: bia inakuwa na harufu ya siagi, au uchachu wa siki ambao haukutarajiwa. Muulize mhudumu swali moja tu, "Mipira ilioshwa lini?" Anayejua kazi yake atakutajia siku. Akikushangaa, chukua kopo.

Jambo ambalo wanywaji wengi hawalifikirii ni glasi ya kwanza ya siku. Mpira wenye upana wa ndani wa milimita 9.5 hubeba karibu mililita 70 kwa kila mita. Kama pipa liko chumba cha nyuma, mita 10 kutoka kaunta, kuna mililita 700 za bia zilizolala mpirani tangu jana usiku, yaani glasi mbili za mililita 330 na zaidi. Baa makini huzimwaga kabla ya kuanza kuuza. Ukifika mlango ndio kwanza unafunguliwa, uliza kama wamezimwaga, au agiza bia ambayo mwenzako ameshapewa.

Sasa tazama glasi inavyojazwa. Inainamishwa nyuzi 45, kisha inasimamishwa taratibu ili povu lipande sentimita mbili hadi mbili na nusu. Povu hilo si bia uliyoibiwa. Ndilo linalobeba harufu ya hopsi (maua yanayoipa bia uchungu na harufu) hadi puani, na gesi inayotoka hapo haitakujaza tumbo. Ncha ya bomba haipaswi kugusa bia wala glasi, kwani ikizama leo, bia inakauka juu yake na kesho inaota vijidudu. Viputo vikikwama kwenye kuta za glasi chini ya povu, hapo pana mafuta au sabuni: omba glasi nyingine. Glasi safi huacha pete ya povu kila unapopiga funda. Ukiletewa glasi iliyogandishwa kwenye friza, ikatae kwa upole. Barafu iliyoshika ndani hufanya bia ifurike povu, huiongezea maji, na baridi yenyewe huua ladha uliyoilipia.

Kuhusu baridi, laga (bia laini inayochachushwa kwenye baridi) na pilsna (laga ya rangi ya dhahabu) ziwe nyuzi 4 hadi 7 za Selsiasi, bia za IPA (chungu, zenye hopsi nyingi) na za ngano 7 hadi 10, na stauti kali (bia nyeusi ya nafaka iliyokaangwa) 10 hadi 13. Mapipa huhifadhiwa kwenye nyuzi 3 hivi, kwa hiyo stauti ikija baridi sana ishike glasi kwa viganja dakika kumi kabla ya kuihukumu.

La mwisho kuhusu bomba ni gesi. Pipa linatakiwa kusukumwa kwa kaboni dayoksaidi, au kwa mchanganyiko wenye naitrojeni nyingi kwa zile stauti laini zenye povu kama krimu. Ukiona pampu ya mkono inayosukuma hewa ya kawaida ndani ya pipa, kama zinavyotumika kwenye sherehe za bustanini, ujue oksijeni imeingia na bia hiyo ina siku moja tu. Ya leo mchana inyweke. Ya jana iache.

2. Kopo lenye tarehe, lililotoka kwenye friji

Kopo halipitishi mwanga hata kidogo, na mfuniko wake hauvuji hewa. Likitoka kwenye friji likiwa na tarehe ya karibuni, linaishinda bia ya bomba ya baa isiyoosha mipira. Ligeuze usome chini. Unachotafuta ni tarehe ya kujazwa. Tarehe ya mwisho ya matumizi haikuambii mengi, maana kila kiwanda hujipangia chake, kimoja miezi minne, kingine mwaka.

Kwa IPA, chini ya siku 60 ni nzuri sana, na ikipita siku 90 tafuta nyingine. Harufu ya maembe, machungwa na majani mabichi inatoka kwenye mafuta ya hopsi, na mafuta hayo ndiyo ya kwanza kupotea. Baada yake unabaki na uchungu mkavu na utamu kama wa karameli. Zile IPA zenye ukungu, zilizojaa hopsi, zina muda mfupi zaidi, nazo tungezinywa ndani ya mwezi mmoja. Laga inavumilia miezi mitatu hadi minne. Stauti nzito ya asilimia 10 inaweza kukaa mwaka bila kuharibika, na mara nyingi inapendeza zaidi.

Angalia pia kopo lilikuwa wapi kabla ya friji. Makopo yaliyopangwa kama mapambo kwenye rafu ya ukuta, karibu na taa au jiko, yanazeeka haraka: joto likipanda nyuzi 10, uchakavu wa bia huenda kasi mara mbili au zaidi. Dalili yake ni ladha ya karatasi iliyolowa. Bia zilizotiwa matunda mengi na hazikuchemshwa ni za kuangaliwa zaidi, kwa sababu hamira iliyobaki huanza tena kula sukari ya tunda na kopo hujaa gesi. Kopo lililovimba usilifungue mezani, lirudishe.

Na omba glasi. Ukinywa kwenye kopo, nusu ya harufu inabaki ndani.

3. Trei ya kuonja

Hizi ni glasi ndogo nne au zaidi, kila moja mililita 100 hadi 150. Kwa mtu anayefika mahali kwa mara ya kwanza ni ununuzi mzuri, lakini tumeiweka ya tatu kwa sababu mbili. Glasi ndogo hupata joto na kupoteza gesi mapema, hivyo ya nne unaikuta imekufa. Na kwa mililita, mara nyingi ni ghali kuliko glasi kamili: gawa bei kwa jumla ya mililita, kisha linganisha na bei ya glasi kubwa iliyogawanywa vivyo hivyo.

Mpangilio ndio unaoiokoa trei. Anza na nyepesi isiyo chungu, fuata ya ngano, kisha yenye hopsi nyingi, malizia na stauti au bia chachu (iliyokusudiwa kuwa na ukali kama wa ndimu). Ukianza na IPA kali, pilsna inayofuata itakuwa kama maji. Kama unasitasita kati ya bia mbili tu, omba funda moja la kila moja kabla ya kuagiza. Baa nyingi za aina hii hukubali bila kulipisha.

4. Chupa

Rangi ya kioo ni ya kutazamwa kabla ya lebo. Mwanga ukiipata bia, huvunja chembe za uchungu zilizotoka kwenye hopsi na kuzaa harufu kali kama ya mpira uliounguzwa. Kioo cha kahawia huzuia sehemu kubwa ya mwanga huo. Cha kijani huzuia kidogo, na cheupe karibu hakizuii chochote. Chupa nyeupe au ya kijani iliyosimama kwenye friji ya kioo yenye taa usiku kucha, hata ikiwa ya kiwanda kizuri, iache.

Pale chupa inapostahili kupanda nafasi ni kwenye bia kali na bia chachu zilizokusudiwa kuzeeka, hasa chupa ya mililita 750 ya kugawana wawili au watatu wakati wa chakula. Nyingi zina hamira iliyotulia chini. Mimina kwa mkono mmoja bila kusimama, acha sentimita moja chini, na usiitikise chupa kati ya glasi na glasi.

5. Pipa la pampu ya mkono

Huu ni mtindo wa Uingereza: bia inaendelea kuchachuka ndani ya pipa, haisukumwi kwa gesi wala kwa hewa kama ile ya sherehe za bustanini, bali pampu huivuta, na huuzwa ikiwa nyuzi 11 hadi 13. Ikiwa mbichi ni laini na tamu kuliko zote hapa. Tatizo ni kwamba hewa huingia pipani kadiri bia inavyotoka, kwa hiyo baada ya siku tatu hivi imeanza kuchacha. Uliza pipa limefunguliwa lini. Jana au leo, iagize kwa furaha.

6. Chupa ya kujaziwa ukaondoka nayo

Ile kubwa ya lita 1.89 hujazwa kutoka bombani. Hakikisha inajazwa kwa mrija unaofika chini, si kwa kumimina kutoka juu, maana kumimina huingiza hewa. Iweke kwenye friji, ifunguliwe ndani ya siku tatu, na ikishafunguliwa imalizwe siku hiyohiyo. Usiiache kwenye gari lililoegeshwa juani; gesi inapanda na kioo kinaweza kupasuka. Ni ya mwisho kwenye orodha kwa sababu unanunua bia ya bomba na kuanza kuiharibu papo hapo.

Bia na sahani yako

Kosa la kawaida mgahawani ni kuagiza IPA chungu pamoja na chakula cha pilipili. Uchungu na kilevi huongeza mwasho. Pilipili inataka bia ya ngano au laga yenye utamu kidogo wa kimea (nafaka iliyooteshwa kisha kukaushwa) na kilevi cha chini. Vya kukaangwa vinataka gesi nyingi na uchungu wa kiasi, kwa kuwa gesi inasafisha mafuta mdomoni, pilsna inatosha. Nyama iliyobanikwa ikashika rangi inakwenda na pota (bia nyeusi, ndugu ya stauti) au stauti, maana kimea kilichokaangwa kina ladha ileile ya kuungua kidogo. Samaki anaweza kukaa na bia chachu nyepesi, ikifanya kazi ya ndimu. Na kama mlo una hatua mbili, agiza bia moja kwa kila hatua. Iliyoletwa mapema itakuwa imepoa gesi chakula kikifika.

Piga pia hesabu ya kilevi, kwa sababu bia hizi zinapishana sana. Mililita 330 za asilimia 5 zina mililita 16.5 za kilevi halisi. Mililita 500 za asilimia 8 zina mililita 40, zaidi ya mara mbili, ndani ya kitu ambacho bado unakiita glasi moja. Bia ya asilimia 8 kwenda juu iagize kwenye glasi ya mililita 200 au 250, na funguo za gari ziwe kwa mtu asiyekunywa.

Ukiletewa mbovu

Irudishe baada ya funda la kwanza au la pili. Glasi iliyobaki nusu haina hoja. Usiseme tu "siipendi". Taja unachokisikia: siki, siagi, karatasi iliyolowa, mpira uliounguzwa, dawa ya hospitali. Mhudumu mwelewa ataionja mwenyewe kisha akubadilishie, na kama tatizo ni la mpira atalifunga bomba hilo. Ila kwanza hakikisha si tabia ya bia yenyewe. Ndizi mbivu na karafuu kwenye bia ya ngano ya mtindo wa Ujerumani vinatoka kwenye hamira yake, navyo ndivyo vinavyotakiwa. Uchachu kwenye bia chachu ni halali, na ukungu kwenye bia isiyochujwa pia. Siki kwenye pilsna haina utetezi wowote.