Programu ya njia za milima: nyota tatu, na ingekuwa mbili

Nimeitumia programu hii miezi minane, toleo la kulipia, kwenye vilele sita ambavyo watalii hawavijui. Cha mwisho hakina hata jina kwenye ramani. Ni nukta na namba ya mwinuko, basi. Milima ya namna hiyo huna wa kumuuliza, kwa hiyo nilifurahi kukuta mtu amepakia njia yake: mstari mwekundu unapanda kwa mgongo wa kusini, unashuka kwa korongo la magharibi. Ugumu: "wastani".

Kupanda hakukuwa na shida. Mstari ulinifaa hasa mahali pamoja, pale mgongo unapokatika ghafla na inabidi uzunguke jabali kwa kushoto. Bila simu ningepoteza saa nzima hapo.

Korongo ndilo lililonifanya niandike. Niliteremka kwenye kokoto nikichimbia visigino, kama mita mia mbili, simu mkononi. Kisha kokoto zikaisha. Jiwe nililolisukuma kwa mguu likatoweka. Nikahesabu moja, mbili, ndipo nikalisikia likigonga chini. Genge! Na mstari mwekundu unapita palepale, umenyooka kama rula. Kugeuza macho pembeni, nikaona kitanzi cha utepe kimefungwa kwenye mwamba, kimepauka kwa jua. Kumbe mwenye njia alishuka kwa kamba, wala hakuandika neno. Programu nayo haimuulizi mtu kama alitumia kamba. Ya kwangu ilikuwa kwenye gari, maana niliambiwa "wastani". Nikarudi juu kwa kokoto zilezile, hatua mbili mbele moja nyuma, na mgongo nikaushuka gizani kwa taa ya kichwani.

Kosa si la mpakiaji peke yake. Ramani ya ndani ya programu ina kontua (mistari ya mwinuko) za kila mita 20, na genge la mita 15 linaweza kujificha lote kati ya mistari miwili. Hata kontua zikibanana, zinakuonyesha mteremko, hazikuonyeshi mwamba ukoje. Mawenzi, mita 5,149, kwenye ramani ni kilele kikali tu. Kwamba mawe yake yanamomonyoka mkononi hilo ramani haisemi. Isitoshe, ndani ya korongo jembamba kuta huziba setilaiti na kurudisha mawimbi, hivyo nukta yako inaweza kuruka makumi ya mita pembeni.

Halafu hayo maneno "rahisi, wastani, ngumu" ni ya nani? Wapanda miamba wana madaraja ya ugumu ya UIAA, shirikisho la kimataifa la wapanda milima, kwa namba za Kirumi, na Wafaransa wana yao ya milima mirefu, kuanzia F (rahisi) hadi ED (ngumu kupindukia). Nusu mstari wa daraja ungeniokoa jioni nzima.

Makadirio ya muda ndiyo kichekesho. Ukipiga hesabu, yanakaribiana sana na kanuni ya Naismith ya 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kwenye njia iliyokanyagwa, sawa. Kwenye mawe yanayocheza mimi huzidisha mara mbili.

Nisiwe mchoyo wa sifa, ramani zinafanya kazi bila mtandao na betri hailiwi sana. Na kuna mahali dira yenyewe hudanganya, kama safu ya Cuillin kule Skye, Uskoti, ambako miamba ina sumaku. Ukungu ukishuka pale, ningeishika simu kwa mikono miwili.

Nimeongeza maelezo kwenye ile njia: genge la mita 20 hivi, kamba isiyopungua mita 50, kitanzi kilichopo usikiamini. Ni wiki ya tatu sasa, bado yanaandikwa "yanasubiri kuidhinishwa".