Kuuza Boxer mtandaoni hapa Kisumu: wa "bei ya mwisho?" na wanaonunua kweli

Pikipiki yangu, Boxer BM 150, niliiuza kupitia soko moja la mtandaoni, nikitafuta pesa za kuongeza duka. Kuweka tangazo ni rahisi na simu zilianza kulia siku hiyo hiyo. Hapo sina malalamiko. Kilichonichosha ni watu wenyewe.

Wengi salamu yao ni "bei ya mwisho?" Hajaiona, hajauliza ni ya mwaka gani, wala kama logbuku, ile hati ya umiliki, iko. Ukimtajia bei anakata nusu. Mkipanga kukutana, mara bado yuko Ahero, mara gari limeharibikia Maseno, kisha simu inazimwa. Mmoja alinisimamisha Kondele kwenye jua la saa saba akisema "niko hapa tu karibu." Kumbe ni dalali. Baadaye nilikuta picha zangu kwenye tangazo lake, bei imepandishwa. Iliniuma sana, kwa sababu huyo hakuchukua muda wangu tu, alichukua na mali yangu akaitangaza.

Baada ya hapo nikaacha kabisa kupatana bei kwa simu. Kila aliyeuliza nilimjibu: njoo uione kwa fundi wangu pale Kibuye, asubuhi, injini ikiwa baridi. Wengi waliishia hapo, na mimi nikapumua. Anayejua pikipiki anafurahia jibu hilo, maana injini iliyokwisha pashwa moto huficha ugumu wa kuwaka.

Aliyeinunua alianza kwa kuuliza logbuku iko kwa jina la nani. Alipofika aliweka kiganja kwenye injini kwanza, ndipo akapiga kiki. Akainama nyuma ya ekzosi kuangalia kama kuna moshi wa bluu, ule wa injini inayokula oili. Akalinganisha nambari ya chesisi na logbuku, tarakimu kwa tarakimu. Alipotaka kuijaribu barabarani, fundi wangu alipanda nyuma yake. Tulielewana bei bila kelele.

Malipo yalikuja kwa M-Pesa. Hapa nawasihi wenzangu: usiachilie ufunguo kwa kuonyeshwa ujumbe kwenye simu ya mnunuzi, angalia salio lako mwenyewe. Kuna aliyewahi kunitumia ujumbe wa "malipo" kutoka nambari ya kawaida, na salio halikusogea hata shilingi. Kisha nikaanzisha uhamisho wa umiliki kwenye huduma za NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, ndani ya eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, naye akaukubali kwa akaunti yake tukiwa tumekaa pamoja. Pikipiki ikipata ajali ikiwa bado kwa jina lako, polisi wataanza na wewe.

Nitalitumia soko hilo tena, maana mnunuzi wa kweli nilimpata huko. Lakini wenye soko washughulikie madalali. Tangazo lenye picha zangu nililiripoti, na ninapoandika haya bado lipo, nambari ya usajili inasomeka waziwazi, ya pikipiki ambayo sasa ni ya mtu mwingine.