Utepe wa data: sindano za chuma au vibamba vya bariamu feriti?

LTO ni kiwango cha utepe wa kuhifadhia data za kompyuta. Katriji za kizazi chake cha sita, LTO-6 (2012), zilikuja kwa aina zote mbili za chembe za sumaku. LTO-7 (2015) ikabaki na bariamu feriti (oksidi ya chuma na bariamu) peke yake. Sababu iko kwenye umbo la chembe.

Chembe ya chuma ni sindano, na usumaku wake hufuata urefu wake. Utepe hupakwa rangi yenye chembe hizi; ungali mbichi hupitishwa kwenye uga wa sumaku ili sindano zilale kufuata mwendo wa utepe, ndipo hukaushwa. Rangi ikitoka kwenye uga kabla haijashika, sindano hulala shaghalabaghala na ishara hufifia. Baya zaidi ni kutu: kila sindano huvikwa ngozi ya oksidi isiyochangia usumaku, na kadiri sindano inavyopunguzwa ndivyo ngozi inavyoimeza.

Bariamu feriti tayari ni oksidi, haishiki kutu. Ni kibamba chenye pembe sita. Usumaku wake husimama wima juu ya uso wake na hutokana na fuwele yenyewe, kwa hiyo kinaweza kupunguzwa sana bila kudhoofika upesi. Adha yake ni kubebana kama sahani kabatini: rundo husomeka kama chembe moja kubwa, kelele (vurugu ndani ya ishara) ikapanda. Hapo uga hausaidii. Rangi isagwe na kutawanywa vizuri kabla ya kupakwa. Kwa kumbukumbu za miaka mingi, chagua bariamu feriti.