Ovaroli ya mpira ya kuingilia ziwani: moja miezi saba, nyingine mwaka wa tatu

Karibuni tena wadau. Leo niko Igombe, Mwanza, kando ya Ziwa Victoria, saa mbili na nusu asubuhi, na hizo kelele mnazozisikia nyuma yangu ni kina mama wanaanika dagaa, siwezi kuwanyamazisha. Hapa mbele yangu nimetandaza ovaroli mbili za mpira. Nazungumzia ile suruali inayopanda mpaka kifuani, gambuti zimeungwa humo humo, na mikanda miwili ya kupitisha mabegani. Swali mnalonitumia kila wiki ni moja: inakaa muda gani?

Haya, tazameni. Hizi mbili ni za aina moja, nimezinunua duka moja hapo mjini, elfu themanini na tano kila moja. Hii ya kushoto ilinifia baada ya miezi saba. Hii ya kulia inaingia mwaka wa tatu, na asubuhi hii nimetoka nayo majini, bado inachuruzika. Kazi ni ile ile: kusukuma mtumbwi, kupakia mifuko ya chakula cha sato, kusimama kwenye maji ya kiuno vijana wakifungua kamba kwenda kwenye vizimba vya kufugia samaki. Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hii ni ya miaka miwili, bosi", muulize miaka miwili ya nani.

Dogo, sogeza kamera hapa nyuma ya goti. Mnaona hii mistari myeupe? Imekaa kama kisigino cha mtu aliyetembea peku kiangazi chote. Nikiikunja hivi, umesikia? Inalia. Mpira mzima haulii.

Sasa hapa halikupita jiwe wala msumari. Hili ni jua. Tunaita mpira, lakini ovaroli nyingi za bei hii ni plastiki ya PVC iliyopakwa juu ya kitambaa cha nailoni au poliesta. PVC yenyewe kwa asili ni ngumu, ni ile ile ya mabomba ya maji. Kiwandani wanaichanganya na kilainishi ndipo inakuwa laini ya kuvalika. Joto na jua vinakitoa kile kilainishi kidogo kidogo mpaka plastiki inabaki kavu, halafu wewe unakuja kuikunja.

Na mimi nilikuwa fundi wa kuikunja! Nikitoka majini naivua, naitupa juu ya mwamba ikauke, naenda zangu kwenye chai. Miamba yetu mnaijua, saa saba mchana hata mjusi anaruka ruka. Jioni naikunja mara nne, naisukumia kwenye kapu, kesho mkunjo ule ule, keshokutwa mkunjo ule ule. Ilipopasukia ndipo ilipokuwa inakunjwa. Ziwa halikuhusika.

Hii ya pili ninaisuuza mchanga, naining'iniza kivulini, gambuti juu kichwa chini, maji yatoke. Ikikauka nje naigeuza ndani nje mpaka pale inapofika, maana jasho linabaki mule na kuvu inaota, na harufu yake, jamani, mke wangu alinipangia mwisho wa kuipitisha ni mlango wa jikoni. Kwenye gambuti nasokomeza magazeti makavu. Halafu iwe juu, mbali na panya. Kitu chochote kinachonuka samaki, panya anaona amealikwa.

Jua ni sehemu kubwa, lakini si lote. Njoo hapa kwenye maungio ya katikati ya mapaja. Hapa ndipo ovaroli inayobana inapofia, kwa sababu kila siku unanyanyua mguu kupanda mtumbwi. Ukienda dukani usiangalie urefu tu. Ivae, chuchumaa mpaka chini, kisha nyanyua goti mpaka usawa wa ukingo wa mtumbwi. Ikivuta mapajani, irudishe. Na ikiwa pana mno nayo inasuguana ndani kwa ndani ukitembea, inachubuka taratibu. Hapa kwenye shingo ya gambuti napo pakague, ndipo gundi inapoachia, hasa wale wanaoivua kwa kukanyaga kisigino cha mguu mmoja kwa mguu mwingine. Kaa chini, vua kwa mikono.

Petroli pia. Ukijaza injini ya boti ikakumwagikia, osha kwa sabuni hapo hapo. Mafuta yanavimbisha mpira wa gambuti na kulegeza gundi.

Kuna walioniuliza zile nzito za neoprini, yaani mpira wa povu unaotunza joto, zinazokuja kwenye mitumba. Ni imara kweli, mwiba mdogo hauzitishi. Lakini zimetengenezwa kwa mito ya baridi ya Ulaya na Marekani. Maji yetu yanacheza kwenye nyuzi 25, utapikika humo kama ugali. Na zile nyepesi za bei mbaya, zinazosifiwa kwamba zinapumua? Mvuke wa jasho unatoka vizuri pale nje kukiwa na baridi kuliko ndani. Kwetu tofauti hiyo ni ndogo, kwa hiyo sehemu ya pesa yako unailipia hali ya hewa ya watu wengine. Sijazikataa, ni laini na zinavalika kutwa, ila kwa kazi ya kugusana na misumari ya mtumbwi mimi siwezi.

Sasa kiraka. Ile ya kwanza niliipeleka kwa fundi baiskeli, akanibandikia kiraka cha tyubu kwa gundi ya tyubu. Siku mbili tu kikabanduka kizima kizima, kama stika. Fundi hakukosea, gundi yake ni ya mpira na hii ni plastiki. Gundi ya mabomba nayo usiiguse, inakauka ngumu kama ukucha, ukipiga goti inakatika. Tafuta gundi laini ya vinili, ile ya kubandikia maturubai ya malori. Futa kwa spiriti, kwaruza kidogo kwa msasa, kiraka kiwe cha duara kisiwe na kona za kubanduka, kisha kiache siku nzima.

Na tundu usilidharau eti ni dogo. Mimi sivai hii kwa ajili ya kuogopa kulowa. Navaa kwa sababu ya kichocho. Vijidudu vyake vinatoka kwa konokono wa majini na vinapenya ngozi, haviombi tundu kubwa. Kulitafuta ni rahisi: tundika ovaroli, mimina maji mguu mmoja mpaka gotini, futa nje pakavu, subiri. Panapotoa jasho, zungushia kalamu. Usijaze yote mpaka kifuani, uzito ule utachana maungio uliyokuwa unayaokoa.

Ah, na mkanda wa kiunoni, funga. Ukiteleza maji yakaingia kwa juu, miguu yako imekuwa ndoo. Boya la kuvaa nalo livae, mkanda si badala yake.

Hii ya miezi saba sikuitupa. Mguu wa kushoto nimeshaukata viraka vitano, mnaona viwili hapa kwenye hii nzima. Gambuti zake nilizikata juu ya kifundo, shemeji anavaa shambani Sengerema, na juzi kanipigia kuuliza kama hii ya pili nayo inakaribia.