Kikokotoo cha Casio fx-991ES PLUS: kitufe cha FACT mbele ya 4294967297

Kwa kutafuta vigawo tasa, FACT ndiyo sehemu bora ya mashine hii, lakini ina mpaka wake. Tuipime kwa 2³² + 1. Mwanahisabati Fermat aliamini namba hii ni tasa. Mwaka 1732 mwanahisabati Euler akaonyesha kwamba 641 inaigawa bila baki.

Andika 2³² + 1, bonyeza =, na kioo kitaonyesha 4294967297. Kisha SHIFT na kitufe cha digrii na dakika, ambacho ndicho chenye FACT. Jibu: 641×(6700417).

Mabano hayo ndiyo yanayowachanganya wengi. Hayasemi kwamba 6700417 ni tasa, wala kwamba si tasa. Mashine hugawa kwa namba tasa zisizozidi tarakimu tatu tu. Kinachobaki kikifika 1018081, yaani 1009², hukifungia kwenye mabano. Kazi iliyosalia ni yako, na hapa ni nyepesi mno: kila kigawo tasa cha 2³² + 1 kina umbo 128k + 1 (k ni namba kamili), na kipeuo cha pili cha 6700417 hakifiki 2589. Zaidi ya zile ambazo mashine imeshazijaribu, zimebaki 1153 na 1409 pekee. Ya kwanza inaacha baki 334, ya pili 622. Basi 6700417 ni tasa.

Ukizidi tarakimu kumi, mfano 2⁶⁴ + 1, kioo hutoa 1.844674407×10¹⁹ na FACT haifanyi kazi. Kwa namba za ukubwa huo tumia kompyuta. Kwa hesabu za sekondari na mwaka wa kwanza wa chuo, inatosha kabisa.