Kusafisha Tumbo la Meli Kilindini: Tathmini ya Huduma ya Wapiga Mbizi

Meli yetu ndogo ya mizigo, ambayo mimi ni mhandisi wake mkuu, ilifunga gatini Kilindini kwa siku tatu, nasi tukaitumia nafasi hiyo kukodi kampuni ya wapiga mbizi ili waondoe makome na mwani tumboni mwa meli na kukagua pangaboi. Nasema wapiga mbizi kwa makusudi, kwa kuwa bandarini ukisema "mzamiaji" watu huelewa yule anayejificha melini asafiri bure. Jina la kampuni silitaji, kwa sababu nina lawama moja juu yao ambayo tulikwisha kuimaliza palepale.

Bei yao ilikuwa juu kuliko ya wengine wawili waliotuletea makadirio. Nilipoupitia mchanganuo nilikuta malipo ya mtu wa nne, mpiga mbizi wa akiba, nikauliza kama anaweza kuondolewa, maana kina cha kazi hakikuzidi mita 6. Msimamizi alijibu kwa upole kwamba akiondolewa huyo, kazi haipo. Nilikereka kidogo, lakini alikuwa na haki. Mwongozo unaofuatwa nchini Uingereza chini ya kanuni za mwaka 1997 huhesabu watu wanne kwa kazi za kawaida za bandarini: msimamizi, anayeshuka, wa akiba na mshika mpira unaompelekea hewa anayeshuka. Mmoja wa wale wa bei nafuu alikuwa amependekeza kuleta vijana wawili wenye mitungi mgongoni, mmoja chini na mwenzake mashuani, bila kueleza nani angemfuata wa kwanza iwapo angenasa.

Wenye meli wengi hudhani hatari ya kazi hii ni kina. Chini ya meli kama yetu hatari kubwa ni mvuto wa maji. Tundu lenye kipenyo cha sentimita 30, ikiwa tofauti ya usawa wa maji kati ya nje na ndani ni mita 5, humbana mtu kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 350, na hapo hakuna mwenzake awezaye kumbandua kwa mikono. Trinidad, Februari 2022, wapiga mbizi watano walivutwa ndani ya bomba la mafuta la inchi 30, na ni mmoja tu aliyetoka akiwa hai. Kwa hiyo nilifurahi kuona kwamba swali la kwanza la msimamizi, kabla hata ya kushusha vifaa, lilihusu matundu yetu ya kunyonyea maji ya bahari.

Maandalizi yao yalikuwa ya kupigiwa mfano. Walikataa siku ya kwanza kwa sababu ya mkondo mkali wa bamvua, yaani maji makuu, na siku ya pili wakasubiri maji yatulie. Bendera ya nyeupe na buluu, inayotangaza kwamba kuna mpiga mbizi majini, ilipandishwa, swichi ya mtambo wa kugeuza pangaboi ikafungwa kwa kufuli, na ufunguo ukaingia mfukoni mwa msimamizi, ingawa mhandisi wangu wa pili alinung'unika. Mtungi wa dharura ulipimwa mbele yangu. Mpiga mbizi wa akiba alikaa juani amevaa kila kitu isipokuwa kofia ya mbizi, iliyokuwa mapajani mwake, na sikumwona akigusa simu hata mara moja.

Lawama yangu ni ya mchana. Jenereta yetu haiwezi kuzimwa, kwa hiyo asubuhi tulinyonya maji ya kuipoza kupitia upande wa kulia wakati wao wakisafisha wa kushoto, kisha tukakubaliana kubadilisha. Baada ya chakula walianza kumvisha kijana kofia ili ashuke upande wa kulia wakitumia kibali kilekile cha asubuhi, yaani karatasi ya ruhusa ya kushuka, ambacho kiliandika wazi kwamba vali ya kulia iko wazi. Na kweli ilikuwa wazi bado. Nilisimamisha kazi, tukageuza vali, tukaifunga ile ya kulia kwa mnyororo na kibao, tukaandika kibali kipya na kukitia sahihi wote wawili. Msimamizi hakubisha wala hakutafuta visingizio. Hata hivyo, kampuni inayotoza bei ile haipaswi kusubiri mteja ndiye aisome karatasi yake.

Usafishaji wenyewe ulikuwa mzuri: picha za pangaboi zilionyesha shaba tupu, na ripoti ilitufikia kabla hatujang'oa nanga, ikiwa na vipimo vya vipande vya zinki vilivyolika, vile vinavyokinga chuma cha meli kisiliwe na kutu. Sehemu ya karibu na usukani ilisuguliwa juujuu, jambo dogo. Nitawakodi tena mwakani, na katika barua ya oda nimekwisha kuandika masharti mawili: kila upande wa meli uwe na kibali chake, na yule mtu wa nne asiguswe katika bei.