Ushauri wa ndoa Tanga mjini: kabla hujalipia kikao, muulize kasomea wapi

Ndoa ikiyumba, mtu wa Ngamiani au Chumbageni ana pa kwenda: kwa wazee na viongozi wa dini, kwenye Baraza la Usuluhishi la Ndoa la kata, au kwa mshauri binafsi anayetoza kwa kikao. Tunazipima huduma hizi kwa jambo moja: anayeketi kati ya mume na mke kajifunza wapi, chini ya nani?

Kipimo chetu ni kigumu kwa makusudi, tumekichukua California, jimbo la Marekani. Huko mtaalamu wa tiba ya ndoa na familia hapati leseni bila shahada ya uzamili yenye yuniti 60 za masomo kwa hesabu ya muhula, alama za vidole, mtihani wa sheria na maadili, na mtihani wa tiba yenyewe. Kazi nzito hasa iko kwenye saa 3,000 chini ya msimamizi, kwa wiki zisizopungua 104. Kati ya hizo, 1,750 ni za kuhudumia watu ana kwa ana, na 500 ndani yake ni za wanandoa, familia na watoto. Mtu anaweza kukwama hapo, kwa sababu saa za zaidi ya miaka 6 kabla ya kuomba leseni hazihesabiwi, wala zile zilizosainiwa na msimamizi asiye na sifa.

Baraza la kata halidai masomo hayo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka mwenyekiti na wajumbe wawili hadi watano, basi. Kwa usuluhishi wa matumizi ya nyumbani au malezi, linafaa sana, na cheti chake cha kuthibitisha kuwa limeshindwa kuwapatanisha hakina mbadala: bila hicho mahakama haipokei maombi ya talaka, isipokuwa kwa sababu chache, mfano mwenzi aliyetoroka asijulikane aliko. Angalieni tarehe! Cheti kisizidi miezi 6 siku ya kufungua shauri. Muhtasari wa kikao cha ukoo si cheti, na wapo wanaorudishwa kwa kosa hilo. Udhaifu wa baraza ni utunzaji wa siri: wajumbe ni majirani.

Washauri binafsi ndio wa kuchunguza zaidi. Cheti cha semina ya siku tatu kikining'inizwa ukutani hufanana na shahada. Muulize amesomea saikolojia, ustawi wa jamii au unasihi (ushauri nasaha) kwa muda gani, nani alimsimamia, na kumbukumbu zako anazifungia wapi. Akidai ana leseni ya California, jina lake hutafutwa bure mtandaoni kwenye orodha ya jimbo. Leseni hiyo inamruhusu kuhudumia walio jimboni humo, si Tanga.

Atakayewaketisha pamoja mara moja baada ya kusikia kuna kipigo, ondokeni. Mwenye kupigwa asikilizwe peke yake kwanza, maana mbele ya anayempiga hatasema, na akisema atalipia nyumbani. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi lipo kwa hilo.